Figo Yangu Ilivyokimbia Mbio Ndefu

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii. Waheshimiwa wakuu wa idara mliokaa mbele kwenye viti vyenye vitambaa. Ndugu wafanyakazi wa maabara, ambao kila mtu humu ndani anawajua kwa maumivu ya kidole. Wanachama wa klabu ya mbio, mliokuja na raba zenu hata kwenye sherehe. Wifi yangu mpendwa. Ndugu wageni waalikwa, na ndugu ambao hamkualikwa ila mmeona sahani zinapita: habari za mchana.

Mshereheshaji ananitazama kwa jicho la kuuliza huyu ni nani, kwa sababu kwenye ratiba yake, pale penye "Neno la familia," alitakiwa kusimama wifi yangu, mke wa mstaafu. Wifi amenipa nafasi yake. Amenipa kwa hiari, msimtazame hivyo. Nilimbana kidogo tu pale nje. Mimi ni dada mkubwa wa huyu bwana mnayemuaga. Nyinyi mnamwita Mkuu, kwa kuwa maabara alikuwa akiiongoza yeye. Klabu ya mbio wanamwita Dizeli, kwa sababu anachelewa kuwaka, lakini akishawaka kumzima ni shida. Mimi namwita mdogo wangu, na nilimbeba mgongoni kabla hajajua kuandika jina lake, achilia mbali cheo chake.

Kazi yangu ni bucha. Nimeuza nyama tangu nikiwa msichana. Nimekata maini, nimekata figo, nimewafungia watu kwenye karatasi wakaenda zao nyumbani wakanisifu. Halafu figo zangu mwenyewe zikagoma, zote mbili, bila hata notisi. Kama kuna anayeona hapo pana kichekesho, acheke. Mimi nilicheka, baada ya kulia.

Nimeambiwa nina dakika mbili, niwashukuru wageni nikae. Wageni, asanteni. Hilo limekwisha. Sasa niseme kilichonileta, maana leo nikinyamaza nampoteza ndugu yangu, na sijaja hapa na mashine yangu ya kusafisha damu ikinisubiri ili niondoke mikono mitupu.

Ndugu wageni waalikwa, tangu asubuhi mmesikia hotuba. Mmeambiwa mstaafu wetu ni mtu makini, kwamba hajawahi kuchanganya chupa ya huyu na chupa ya yule, kwamba hata umeme ukikatika alikuwa akibeba darubini yake dirishani akaendelea na kazi. Yote ni kweli na mimi nayaunga mkono. Lakini kuna hata mmoja aliyesimama hapa akataja habari ya figo? Mmeizunguka kama mtu mwenye viatu vipya anavyozunguka dimbwi. Na nyote mnaijua! Korido nzima inaijua! Basi mwenye figo ni mimi, nitaisema mwenyewe.

Figo zangu zilipogoma, ndugu walipimwa. Mdogo wangu akaonekana tunafanana kwa damu kiasi kwamba daktari wa figo alitabasamu, na daktari wa figo si mtu wa kutabasamu ovyo; yule pale, mnamwona, hata sasa anajizuia. Tatizo lilikuwa tumbo. Mkuu wenu alikuwa na tumbo la mtu anayefanya kazi kwenye kiti cha kuzunguka, na presha ilikuwa imeanza kuchungulia. Daktari akamwambia apunguze mwili, afanye mazoezi, kisha arudi apimwe upya; akiwa sawa, itatolewa figo moja nipewe mimi. Mdogo wangu alitoka mle chumbani amenishika mkono. Akaniambia, "Dada, ile ya kushoto ihesabu ni yako. Mimi naitunza tu."

Mtu mwenye akili zake angetembea jioni kuzunguka mtaa. Yeye akajiunga na klabu ya mbio ndefu. Siku ya kwanza alifika kwenye geti la hospitali, akarudi ameegemea bega la mlinzi. Lakini mnamjua mdogo wangu, kitu akikishika hakiachi. Miezi ikapita, tumbo likaondoka, presha ikashuka, na asubuhi moja nikamwona anapita mbele ya bucha, kidevu juu, jasho linamtiririka, nyuma yake vijana wanahema. Nikamwambia mteja wangu, "Unamwona yule? Ile inayokwenda pale ni figo yangu." Tangu siku hiyo wateja wakawa hawanisalimii mimi. Wanauliza, "Figo imeshapita?"

Nilifurahi, jamani. Niseme ukweli wangu, nilifurahi mno. Nilikuwa nikimwona anapita, nafanya hesabu za maisha kichwani.

Sasa balaa la mdogo wangu ni kusoma. Siku moja akaja bucha, akasimama kati ya mizani na mapaja ya mbuzi, akaanza somo.

"Dada, unajua mtu akikimbia mbali anavuta hewa nyingi kupita kawaida?"

"Hilo naliona, unahema kama mvukuto."

"Sasa ile oksijeni ikichomwa mwilini inaruka cheche. Kuna chembe fulani kichaa, zinagonga kila kitu zinapopita. Zikizidi, mwili unachakaa kama bati linavyoliwa na kutu. Wenyewe wanauita mkazo wa oksidi. Na figo zimo humo humo."

"Basi punguza kukimbia."

"Nikipunguza, tumbo linarudi."

"Basi kimbia na wazee wenzako, polepole."

"Dawa yake ipo, dada. Antioksidanti. Zinazima cheche zote."

Neno lile alilitamka kama mtu anayemtaja mchumba.

Ndugu wageni, kuanzia hapo ndipo nyumba ya wifi yangu ilipogeuka kiwanda. Wifi, kataa kama nasema uongo. Mashine ya kusagia juisi inaamka kabla ya jogoo. Bitiruti, mchicha mbichi, majani ya bitiruti, karoti, kila kitu chenye rangi kinaingia mle ndani na kutoka kimekuwa tope, na mwenye nyumba anakunywa jagi zima amesimama wima. Meno mekundu, ulimi mwekundu, mashati yote yana madoa. Ukikutana naye asubuhi unadhani ametoka kupigana. Juu ya hapo vidonge. Vitamini C, kidonge ukubwa wa kifungo cha koti, anatupia kwa konzi. Vitamini E juu yake. Unga wa majani ya chai ya kijani juu ya hiyo. Vidonge alivitia mfukoni mwa kaptula, na alipokuwa anakimbia tulimsikia kabla hatujamwona, analia kama kayamba.

Na mimi akaniletea! Jagi la juisi, mpaka kwenye chumba cha mashine. Hivi mtu anayeongoza maabara hajui kwamba mgonjwa wa figo ile potasiamu ya matunda na mboga ikimzidi moyo unaweza kusimama? Anajua. Lakini alikuwa ameshalewa bitiruti. Mimi nimepigwa marufuku ndizi, machungwa, nyanya. Mchicha mpaka uchemshwe, maji yake yamwagwe, na hata hapo ni kijiko tu. Nesi akalichukua lile jagi, akalinusa, akamtazama Mkuu na cheo chake, akaenda kulimwaga kwenye sinki mbele ya macho yake. Nesi, uko wapi? Simama watu wakuone. Mpigieni makofi, huyu ndiye aliyeniokoa na afya njema.

Msidhani hakuonywa. Mtaalamu wa lishe wa hospitali hii, yule mama mwenye miwani ya kijani, alimkalisha chini. Akamwambia, "Mkuu, kula matunda, kula mboga, badilisha badilisha, hayo yana antioksidanti kwa kiasi ambacho mwili unakizoea. Lakini hivi vidonge kwa konzi vinanitia wasiwasi. Zile cheche kidogo unazopata ukikimbia ndizo zinazouamsha mwili ujenge zimamoto wake wenyewe. Ukimwagia maji kila cheche, zimamoto wanalala." Mdogo wangu akamjibuje? Alimjibu, "Mama, mimi nina maabara." Klabu ya mbio, jibu hilo mlilicheka wiki nzima. Naona leo mnatazama raba zenu.

Tuje kwenye hiyo maabara.

Waheshimiwa wa mbele labda hamjui, lakini klabu hii ina utaratibu wake. Klabu nyingine zikimaliza mbio ndefu ya Jumamosi zinanyoosha viungo. Hii inapanga foleni nyuma ya maabara, watu wazima, wahasibu, walimu, mke wa diwani, kila mmoja na kikopo chake cha mkojo mkononi. Mkuu anachovya kijiti cha kupimia mkojo, anakiinua kwenye jua, anakunja uso, kisha anatangaza, "Safi!" Makofi. Anayefuata. "Safi!" Makofi. Kuna harusi hazina shangwe za namna hiyo. Na wa mwisho siku zote ulikuwa wa kwake mwenyewe, na huo aliutangaza kwa sauti ya kufika barabarani: "Safi kabisa!" Halafu anakipiga picha kile kijiti, ananitumia. Ndugu wageni, kwenye simu yangu picha za mkojo wa mdogo wangu ni nyingi kuliko za wajukuu zangu.

Na mimi nilikuwa nazifungua. Nikiwa kwenye mashine, baridi imeniingia mpaka kwenye mifupa, nafungua picha ya kijiti, nasema haya, figo yangu iko salama.

Sasa vijana wa maabara, wengi wenu mmefundishwa na huyu. Naomba mnijibu kwa sauti. Mtu akimeza vitamini C nyingi, kile kijiti cha mkojo kinafanya nini? Semeni tu, kesho si bosi wenu. Eeeh! Kinadanganya! Damu inaweza kuwemo, na kijiti kikasema haimo. Nani aliwafundisha hivyo? Yeye. Nani alikuwa akiwafokea kwamba kijiti usikiamini kabla hujamuuliza mtu anameza nini, na ukiwa na shaka weka tone chini ya darubini? Yeye. Na darubini ilikuwa wapi? Mezani kwake! Mkojo wa mke wa diwani ukimtia shaka anauangalia kwa darubini mara mbili. Wa kwake mwenyewe, ambao ndani yake mlikuwa na maisha yangu, anaupima kwa kijiti juani na kupigiwa makofi.

Nimelifikiria hilo mara nyingi, maana kwenye mashine mtu ana muda wa kufikiri. Mdogo wangu si mzembe. Alikuwa na haraka ya kuniambia habari njema, basi. Ungekuwa mkojo wa mtu asiyempenda, angeupima vizuri.

Ikaja siku ya mbio za hospitali. Alikuwa anaongoza wazee wote, kayamba linalia mfukoni, na mbele ya kituo cha mafuta akakunjika, akalala chini akishika ubavu. Klabu ikamzunguka. Mmoja akadhani ni msuli, akaanza kumvuta mguu. Mwingine akamchua mgongo. Wa tatu, ambaye simtaji ila amevaa shati la maua, akamtia mdomoni kidonge kingine cha vitamini C. Mimi nimezaa watoto wanne. Nilipofika pale nikasikia anavyoguna, nikasema huyu amekaribia, mwiteni mkunga.

Yalikuwa mawe, yale yanayokwaruza figo mpaka mkojo ukaingia damu ambayo kijiti hakikuionyesha. Walipompiga picha, figo zote mbili zimejaa kokoto, ile ya kwake na ile ya kwangu. Daktari akatuweka chini akatueleza. Vitamini C ikizidi mwilini, sehemu yake inageuka oksaleti, chumvi inayoganda kwenye figo ikawa mawe. Bitiruti na mchicha mbichi vimejaa oksaleti hiyo hiyo. Ongeza mtu anayetoka jasho kutwa na kunywa maji kidogo, umepata kiwanda cha kokoto. Kisha akamgeukia mdogo wangu, akasema taratibu, "Mkuu, kwa hali hii sikutoi figo. Utazihitaji zote mbili." Mtu aliyekuwa anaitunza figo yangu isile kutu, aliijengea msingi wa nyumba.

Nilikasirika. Nisiwadanganye kwa sababu ya sherehe. Nilikasirika mpaka nikawa namkatia mteja nyama ya kuchoma, nakuja kushtuka nimeshaifanya ya kusaga. Nilisema maneno ambayo Mheshimiwa Mganga Mkuu hapaswi kuyasikia. Nililia kwa hasira, nikalia kwa woga, kwa sababu mtu mwingine wa kunipa figo tumemtafuta na mpaka leo hatujampata, na mimi sijachoka kuishi.

Halafu hasira ikapoa, maana hasira nayo inahitaji nguvu na mimi nguvu zangu ni za kupima. Ilipopoa nikageuka kumtafuta mdogo wangu. Simwoni.

Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Ananitumia ujumbe, "Umeamkaje dada," nikijibu hajibu. Anamtuma wifi na chakula, mboga zimechemshwa maji yakamwagwa, kila kitu kimepimwa kwa ajili yangu, lakini mleta salamu ni wifi. Nyinyi wa klabu, mlipobadilishiwa njia mliambiwa ni kwa sababu ya vilima, siyo? Hakuna kilima pale, jamani. Pale kuna bucha!

Na kutoka maabara mpaka chumba cha mashine ni wapi? Ni korido moja. Nikiwa nimelala pale nasikia kikohozi chake. Manesi wameniambia kwamba damu yangu ikipelekwa maabara, haruhusu mtu mwingine aiguse. Anaipima mwenyewe, anarudia, anaiweka chini ya darubini hata kipimo ambacho hakihitaji darubini. Damu yangu anaiona kila wiki. Mwenye damu haji kumwona.

Basi nikawa naridhika na hilo. Nikawa najiambia, bado ananitazama, hata kama ananitazama kwenye chupa. Mpaka nilipoletewa kadi ya sherehe hii. Nikaisoma, nikaelewa kwamba kuanzia wiki ijayo damu yangu itapimwa na mtu mwingine. Ndipo nikamfuata wifi kuomba nafasi yake.

Ndugu wageni waalikwa, kwa ruhusa yenu, sasa naongea na mtu mmoja.

Mdogo wangu, nitazame. Acha kutazama keki, haiendi popote. Ulikosea, na ulikosea kijinga, na mimi nitakucheka kwa hilo mpaka siku ya kufa kwangu, nikijaliwa nayo iwe mbali. Lakini nani alikwambia kwamba bila figo huna ruhusa ya kuja? Miaka yote kabla ya figo ulikuwa unakuja kwangu kufanya nini? Ulikuwa unakuja kula na kusengenya watu! Unajua pale kwenye mashine niko na akina nani? Kushoto kwangu yuko mzee anayekoroma, kulia kwangu yuko mama anayeangalia mpira na hajui mpira. Nimeona mambo ya kusengenya tele, na sina wa kumsimulia. Nimejaribu kumsimulia nesi. Hajui kusengenya, anamwonea kila mtu huruma.

Naogopa, mdogo wangu. Naogopa ile sindano, naogopa mashine ikipiga kelele, naogopa siku watakaposema hakuna figo popote. Nikiogopa nataka mtu aliyenijua kabla sijashika kisu cha bucha. Yuko mmoja tu aliyebaki, na anabadilisha njia akiona bucha.

Umestaafu. Huna tena kisingizio cha kazi. Jumanne asubuhi naunganishwa. Kando ya kitanda changu kuna kiti, na kwa kuwa hakina mtu manesi wanakiwekea mashuka. Nimewaambia Jumanne wayatoe.

Haya... anainuka. Mpisheni. Mpisheni njia, ndugu zangu, sogeza hicho kiti, mama. Wewe! Usikimbie! Kukimbia kwako kumetutosha. Tembea.

Mheshimiwa Mganga Mkuu, ndugu wageni waalikwa, yaliyobaki tutayasema wenyewe kwa wenyewe. Nawashukuru kwa kunivumilia, na asanteni kwa kunisikiliza. Mtu mmoja anipokee hiki kipaza sauti, nahitaji mikono yote miwili.